Mtembezi si lazima ale miguu yake

Leo sina habari ya bei ya sukari wala ya foleni ya Barabara ya Sokoine. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona kuwa ni aibu, au uchoyo, au dalili ya kuchanganyikiwa. Nalo ni hili: mtu mzima, mwenye akili zake timamu na familia yake, kutoka nyumbani asubuhi akiwa peke yake, akatembea mjini, akala, akatazama, akarudi jioni, na katika safari hiyo asiwe na mgonjwa wa kumwona, wala deni la kudai, wala harusi, wala msiba.

Nasema huonekana ni aibu kwa sababu tumelelewa kula pamoja. Sahani ya mtu mmoja ilikuwa ya mgonjwa au ya mchoyo. Wahenga walituambia kidole kimoja hakivunji chawa, wakaongeza kwamba mtembezi hula miguu yake, yaani mzururaji mwisho wake ni njaa. Sikatai. Walakini wahenga hawakuwa watu wa upande mmoja. Hao hao ndio waliosema kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Basi leo naomba nimtetee huyu mtembea bure, hasa yule wa Arusha, maana huko ndiko ninakoishi na ndiko miguu yangu ilikozoea.

Kazi ya redio ni ya zamu. Wengi wenu mnapopumzika Jumapili, mimi nipo studio nikisoma habari, na mapumziko yangu huangukia katikati ya wiki, wakati watoto wako shuleni na mwenzangu yuko kazini. Kwa miaka mingi siku hiyo iliishia kwenye kufua na kupanga makabati. Kisha nikaanza kuitenga, mara moja kwa mwezi, iwe siku ya kuutembelea mji. Nasema kuutembelea, si kuupita. Kuupita tunaupita kila siku: kwenda kazini, benki, hospitali, sokoni. Lakini mgeni anayeshuka Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro na begi mgongoni, akikaa Arusha siku mbili tu, huondoka akiwa amejua mambo ambayo mzaliwa wa Ngarenaro au Unga Limited hajapata kuyasikia. Mwenyeji amemwachia mgeni mji wake autazame kwa niaba yake.

Nianze na asubuhi. Ukitaka kuuona Mlima Meru, amka mapema. Mlima huu wa mita 4,562, wa pili kwa urefu katika Tanzania nzima, una tabia ya kujifunika mawingu kadiri jua linavyopanda. Asubuhi, hasa baada ya mvua ya usiku, huonekana wote, na kilele chake kikali kana kwamba kimechongwa kwa panga. Kutoka hapo shuka Soko Kuu kabla wenye maduka hawajafungua. Ndiyo saa ambayo magunia ya karoti, vitunguu na viazi yanateremshwa, ndizi zinapangwa mikungu kwa mikungu, na wazee wamekaa na vikombe vya kahawa chungu wakichambua siasa za dunia. Hapo ndipo mtembezi anapopata kifungua kinywa chake.

Mimi huagiza mtori. Kwa asiyeujua, mtori ni ndizi, aghalabu zile zinazoitwa mshare, zilizochemshwa na nyama ya ng'ombe kisha zikapondwa mpaka zikawa supu nzito. Huku kwetu Kilimanjaro na Meru ni chakula cha mama aliyejifungua, na ni chakula cha mtu yeyote aliyeamka na baridi ya Julai mifupani. Ukikaa na bakuli lako bila mtu wa kuongea naye, utagundua jambo: unausikia mtori. Unasikia iwapo mpishi ameunguza kitunguu, iwapo nyama ilikuwa na mfupa wa kutosha, iwapo ndizi zilikuwa changa. Tunapokula na watu, aghalabu tunakula maneno. Chakula kinapita tu.

Halafu kuna loshoro. Hiki ni chakula cha Waarusha na Wameru: mahindi yaliyokobolewa, yakapikwa yakaiva, kisha yakachanganywa na maziwa ya mgando. Mtu akikwambia historia ya mkoa huu imeandikwa vitabuni, mwambie pia imo ndani ya kibuyu cha loshoro. Waarusha ni watu wanaosema lugha ya Kimaasai, na mababu zao walihamia kwenye miteremko ya Meru kutoka Arusha Chini katika miaka ya 1830. Walikuja na mapenzi ya maziwa kama ndugu zao wa mbugani, lakini wakalima kama majirani zao Wameru. Na mahindi yenyewe ni mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari, bara la Amerika, akapita pwani, akapanda mpaka milimani. Maziwa ya mfugaji yakakutana na nafaka ya mkulima kwenye chungu kimoja. Wakati mwingine tunapogombana huku nje kati ya wafugaji na wakulima, nadhani tungewekewa loshoro mezani kwanza, kisha tuanze kikao.

Baada ya kushiba, panda Barabara ya Boma. Mwisho wake limesimama boma jeupe ambalo Wajerumani walilimaliza mwaka 1900. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, chini ya Makumbusho ya Taifa. Ndani yake utaelezwa chimbuko la binadamu: fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, na nyayo za Laetoli, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita. Wanafunzi huyakariri haya kwa ajili ya mtihani, wakayasahau siku ya pili yake. Lakini hebu simama hapo peke yako, ukatazame mfano wa unyayo ule, bila mwalimu wa kukuharakisha. Wale nao walikuwa watembezi.

Usiondoke kabla ya kuliuliza jengo lenyewe limetoka wapi. Mwezi Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, Meru. Kapteni Kurt Johannes akaja kulipiza kisasi akiwa na askari wake na wapiganaji kutoka Kilimanjaro. Vijiji vikachomwa moto, ng'ombe wakaswagwa. Upinzani haukwisha mara moja. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha. Na boma hili tunaloliona zuri, lenye kuta nyeupe na bustani, lilijengwa kwa jasho la Waarusha na Wameru waliolazimishwa kufanya kazi hiyo. Nilikaa kwenye ukuta wa nje nikatazama mawe yale. Hakuna jiwe hata moja lenye jina la aliyelibeba. Ukiwa na kundi la marafiki mtapiga picha mwende zenu. Ukiwa peke yako, jiwe hupata nafasi ya kukuuliza: je, wewe ni mjukuu wa nani?

Kutoka hapo shuka kwenye Mnara wa Saa. Utaambiwa kwamba hapo ndipo katikati kabisa ya safari ya kutoka Cairo mpaka Cape Town. Wenye ramani na rula wana mabishano yao, mimi simo. Nakushauri uchukue mwendo wa pole pole mpaka Kaloleni, upite Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mashabiki wa mpira wanaujua uwanja. Ni wangapi wanaomjua mtu? Sheikh Kaluta Amri Abeid alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa waziri, na juu ya yote alikuwa mshairi aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi ya Kiswahili. Alifariki mwaka 1964. Kila timu inapofunga bao hapo, inafunga ndani ya jina la mshairi.

Hapo Kaloleni ndipo palipo na Makumbusho ya Azimio la Arusha, na karibu yake mnara wenye Mwenge wa Uhuru. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huu mwishoni mwa Januari 1967, na tarehe 5 Februari mwaka huo Azimio likatangazwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1977, pakafanywa makumbusho. Ni nyumba ndogo, haina makuu. Siku niliyokwenda nilikuwa peke yangu ndani, nikasoma ubao mmoja mmoja, pamoja na ile miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Nilipotoka nilimkuta kijana wa bodaboda amekaa juu ya pikipiki yake ng'ambo ya barabara. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, nyumba hii ni ya nini?"

Akanijibu, "Shikamoo mama. Hapo ni ofisi ya serikali, nafikiri. Huwa naona Wazungu wanaingia."

Kumbe amezaliwa mtaa wa pili tu kutoka hapo. Nikamsimulia kwa dakika tatu niliyoyasoma. Alipofika kwenye ile miiko alinikatiza: "Kwa hiyo mama, kiongozi alikatazwa kupangisha nyumba?" Nikamwambia ndiyo, mpaka mwezi Februari 1991 chama kilipolegeza masharti hayo katika kikao cha Zanzibar. Kijana akacheka sana. Halafu akaacha kucheka, akaitazama ile nyumba kwa muda. Sikumwuliza alikuwa akiwaza nini. Mtu anaweza kulipenda Azimio au kulilaumu. Kuna hoja pande zote mbili, na maduka matupu ya miaka ile bado yanakumbukwa. Lakini huwezi kulipenda wala kulilaumu jambo usilolijua, hata kama lilizaliwa nyuma ya nyumba yenu.

Sasa mchana umefika na njaa imerudi. Hapa nataka nizungumze na kina mama wenzangu. Siku moja niliingia hoteli moja ya katikati ya mji, ambayo sitaitaja. Mhudumu akaniuliza, "Mama, mko wangapi?" Nikamjibu, mmoja. Akauliza tena, "Tumsubiri baba?" Nikamwambia baba yuko kazini, niletee ndizi nyama. Akaniweka meza iliyo mlangoni mwa jiko, mahali ambapo kila anayepita na sinia anakugusa bega. Watu wa meza ya pili walinitazama kama mtu aliyefiwa, na mwanamume mmoja alinitazama vingine kabisa. Mwanamume akila peke yake anaonekana ni mtu mwenye shughuli nyingi. Mwanamke akila peke yake anaonekana ameachwa, au anawinda. Ndugu zangu, huo si utamaduni wa kujivunia.

Tangu hapo nimepata dawa yake, nayo ni benchi la mama lishe. Kwenye benchi hakuna meza ya mmoja wala ya wawili. Unajisogeza, mwenzako anajisogeza, unapewa wali na maharage, au machalari, au makande, na mchicha pembeni. Kisha jirani yako, asiyekujua wala usiyemjua, akipokea sahani yake kabla yako hukwambia neno moja: "Karibu." Nawe humjibu, "Ahsante, endelea." Hakuna anayetazamia uchote sahanini mwake, lakini asiposema neno hilo ameonekana hana adabu. Nimelifikiria sana jambo hili. Katika lugha yetu ni vigumu mno mtu kula peke yake, maana Kiswahili chenyewe hakimruhusu. Popote unapokaa kuna mtu wa kukukaribisha na mtu wa kumkaribisha. Basi anayeogopa kutoka peke yake kwa kuhofia uchoyo, aondoe shaka. Mchoyo ni yule anayejifungia chumbani na mfupa wake.

Na kuna siri nyingine ambayo mimi, kama mtangazaji, nimeichelewesha makusudi. Kazi yangu ni kuuliza. Ninapokuwa na kinasa sauti mkononi, watu hunyoosha shingo, huongea Kiswahili cha hotubani, na huniambia wanachodhani nataka kusikia. Ninapokaa kwenye benchi bila chombo chochote, wao ndio wanaoanza. Mzee mmoja aliwahi kunieleza, huku akitafuna kongoro, jinsi vifodi vya kwanza vilivyojaza watu mpaka juu ya bodi; mama mmoja alinieleza soko lilivyokuwa kabla mwanawe hajazaliwa. Mtu akiwa na wenzake amezungukwa na ukuta. Mtu akiwa peke yake ana mlango.

Alasiri hupenda kupita mbele ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, yale majengo matatu ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilivunjika mwaka 1977. Jumuiya ilizaliwa upya hapa hapa Arusha kwa mkataba uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999. Katikati ya hayo, mwaka 1993 ulitiwa saini Arusha mkataba wa amani ya Rwanda, mkataba ambao haukuzuia mauaji ya mwaka 1994. Ikaja Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, na tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu akawa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mahakama hiyo hiyo ilitamka kwamba kubaka wanawake kunaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Neno hilo lilisemwa kwa ajili ya wanawake wa dunia nzima, na lilisemwa mwendo wa dakika chache tu kutoka Mnara wa Saa.

Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, niliingia mara kadhaa katika sehemu iliyotengwa kwa watazamaji. Ilikuwa wazi kwa kila mwenye kitambulisho. Unakaa nyuma ya kioo, unavaa vifaa vya kusikilizia, unachagua lugha. Wageni walikuwepo, waandishi walikuwepo. Wakazi wa Arusha tulihesabika kwa vidole. Mahakama ilifunga kazi yake tarehe 31 Desemba 2015, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji. Mwaka 2000 Rais Bill Clinton wa Marekani alipokuja kwa ajili ya mkataba wa Burundi, ambao Mwalimu Nyerere aliuhangaikia mpaka mauti yalipomkuta na Nelson Mandela akaupokea, aliuita mji huu Geneva ya Afrika. Tukaifurahia sifa. Lakini Geneva ambayo watu wake hawaingii ndani ni jina tu juu ya ubao.

Siku nyingine, hasa Jumatano au Jumamosi, chukua gari la Tengeru, ukashuke sokoni, kilometa 13 hivi kwenye barabara ya Moshi. Hapo utaona mlima wote umeshuka kuuza: ndizi za kila aina, maparachichi, magimbi, maharage, kuku, mitumba, na vyungu. Kula ndizi choma, nunua parachichi moja la kwenda nalo. Kisha uliza njia ya makaburi ya Wapolandi.

Naam, Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wa Poland waliokuwa wamepelekwa uhamishoni na Warusi walifunguliwa, wakapita Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wakaletwa Tengeru, karibu na Ziwa Duluti. Walijenga shule, kanisa na mashamba. Vita vilipokwisha wengi walitawanyika duniani. Waliofia hapa wamebaki katika makaburi yapatayo 150, yaliyotunzwa vizuri chini ya miti. Nilisoma majina yale magumu kutamka, nikahesabu miaka ya watoto. Leo tunapowatazama wakimbizi kama mzigo, ni vyema kukumbuka kwamba miteremko ya Meru iliwahi kuwalisha watoto wa Ulaya.

Na juu ya mlima huo huo, upande wa Engare Nanyuki, mwezi Novemba 1951, serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakushika mikuki. Walichangishana fedha, wakashauriana na wakili Earle Seaton, na mwaka 1952 wakampeleka kijana wao, Kirilo Japhet, mpaka Umoja wa Mataifa huko New York. Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama mbele ya Umoja huo. Kura hazikutosha kuwarudishia ardhi yao, lakini Tanganyika nzima ilisikia kwamba mkulima wa milimani ameongea na dunia. Mimi nilisimama kando ya barabara inayopanda Momella, nikala parachichi langu, nikajiuliza: hizo senti zilizochangwa zilikuwa za mauzo ya kahawa ya nani, ya ndizi za mama yupi?

Jioni, kabla giza halijaingia, mtembezi anastahili nyama. Mji huu unajulikana kwa nyama choma, na Kwa Mrombo ndiko jina lilikokaa. Unachagua kipande buchani, wanapima, wanachoma, unaletewa juu ya ubao pamoja na chumvi, pilipili, kachumbari na ndizi za kuchoma. Watu huko huenda makundi kwa makundi. Mimi huagiza nusu kilo, na nikibakiza nafunga niwapelekee watoto, maana mama hata akitembea peke yake, tumbo lake halijatoka peke yake.

Ndugu msikilizaji, najua yapo maswali. La kwanza, fedha. Siku niliyoieleza ni nauli ya daladala, viingilio, bakuli na sahani. Kiingilio cha mwananchi katika makumbusho yetu ni kidogo kuliko cha mgeni, na kutazama mlima hakuna risiti. Wapo wanaomaliza fedha nyingi zaidi ya hizo kwa jioni moja, tena wakirudi hawakumbuki walikotoka. La pili, usalama. Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na saa ya kurudi. Usionyeshe simu barabarani. Salimia wakubwa, maana shikamoo moja hufungua njia kuliko ramani. Rudi mchana. Tahadhari ni wajibu; woga ni jambo jingine. La tatu, ubinafsi. Wapo watakaosema mama mwenye familia hana haki ya siku yake mwenyewe. Nawajibu kwamba chungu kinachochotwa kila siku bila kujazwa hukauka, na hakuna anayefaidi chungu kikavu.

Lakini sababu kubwa ya mazungumzo haya si starehe. Mji hubadilika kila mwezi. Nyumba za zamani zinaangushwa, miti inakatwa, wazee wanaojua mambo wanazikwa. Jengo likibomolewa, anayepiga kelele ni yule aliyewahi kusimama mbele yake akalitazama. Asiyelijua hana la kusema. Tukiendelea kuwaachia wageni kazi ya kuuona mji wetu, iko siku wao ndio watakaotueleza kwa nini tuliupenda, na tutalipa kiingilio kuwasikiliza.

Vile vile, mji wa kweli ni ule ambao mwanamke anaweza kusimama saa kumi alasiri akitazama dirisha la mwaka 1900, pasipo mtu kumwuliza yeye ni mke wa nani na anamsubiri nani. Haki hiyo haitaletwa kwa barua. Italetwa na wanawake wengi kutoka, siku baada ya siku, mpaka wahudumu wa hoteli wazoee na watoe meza iliyo dirishani.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliye Arusha, na wewe uliye Tanga, Mwanza, Mbeya au Dar es Salaam, maana kila mji una boma lake, soko lake na mtori wake: tafuta siku moja mwezi huu. Usimchukue mtu. Vaa viatu visivyobana, weka sarafu mfukoni kwa ajili ya kahawa, na uanze na ile nyumba unayoipita kila siku bila kujua ni ya nini. Ingia uulize. Ukitoka, msimulie wa kwanza utakayemkuta nje.

Kwa leo naomba niishie hapo. Tukijaliwa tukutane tena wiki ijayo.